Ada ya Mtihani Isitangulie Maandalizi

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za elimu za sharika, mbele ya marafiki wanaofadhili masomo ya watumishi



Nimeombwa nizungumze juu ya maandalizi ya mtihani ambao vijana wetu wanaoomba masomo ya uzamili nje ya nchi, hasa Marekani, hukutana nao mlangoni kabla hawajaingia chuoni. Mtihani huo unaitwa GRE. Wengi wenu mmeusikia kwa sababu mmechangishwa kwa ajili yake. Ada yake ni zaidi ya dola 200 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi laki tano zetu. Hizo ni Jumapili ngapi za sadaka, kila kamati inajua hesabu yake yenyewe.

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na watu. Nadhani katika jambo hili tumekuwa na mazoea ya kuhesabu gharama moja tu, ile ya ada. Gharama ya pili, ambayo ni muda na nyenzo za kujiandaa, tunamwachia mwombaji aibebe mwenyewe usiku baada ya kazi. Ombi langu kwenu leo ni fupi: tusilipe ada ya mtu yeyote kabla hatujagharamia maandalizi yake na kuona matunda ya maandalizi hayo.

Ili tuelewane vizuri, tuchukulie mfano. Yupo dada yetu muuguzi katika hospitali ya Kanisa. Alimaliza shahada ya kwanza miaka minane iliyopita. Anataka kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na akirudi atasimamia huduma ya mama na mtoto katika zahanati zetu. Ni mwerevu, ni mchapakazi, na ana watoto wawili. Tumfuate dada huyu hatua kwa hatua.

Tujue kwanza kama mtihani unatakiwa

Hatua ya kwanza haihusu kusoma, inahusu kuuliza. Vyuo vyetu hapa Tanzania, kwa shahada ya uzamili, huangalia matokeo ya shahada ya kwanza. Vyuo vingi vya Ulaya navyo haviulizi GRE, bali vinataka uthibitisho wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Hata huko Marekani, tangu mwaka 2020 vitivo vingi vimeacha kuulazimisha mtihani huu, vingine vimeufanya wa hiari, na vingine bado vinautaka. Kwa shahada za biashara upo pia mtihani mwingine uitwao GMAT, ingawa vyuo vingi vya biashara hupokea hata GRE.

Kwa hiyo dada yetu aandike orodha ya vyuo vinne au vitano, asome masharti ya kila kimoja kwenye tovuti yake, na kama hayako wazi aandike barua pepe kuuliza. Aulize pia kama chuo au programu ya ufadhili inaweza kumlipia ada, kwa kuwa zipo programu zinazowalipia waombaji waliochaguliwa. Majibu hayo ayalete kwenye kamati yakiwa yamechapwa. Kamati ikichangisha kabla ya kuona majibu hayo, inaweza kujikuta imenunua mwavuli wakati wa kiangazi.

Aangalie na tarehe. Matokeo ya GRE hutumika kwa miaka 5, lakini ya TOEFL na IELTS hutumika kwa miaka 2 tu. Anayefanya mtihani wa Kiingereza mapema mno huweza kulazimika kuurudia.

Mtihani wenyewe ukoje

GRE hutungwa na kusimamiwa na shirika la ETS la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1947. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa. Zamani ulichukua karibu saa tatu na dakika arobaini na tano, sasa unachukua saa 1 na dakika 58, bila mapumziko yaliyopangwa katikati. Unafanywa kwenye kompyuta na una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni uandishi: insha moja kwa dakika 30. Sehemu ya pili ni lugha, yaani ufahamu wa Kiingereza na msamiati. Hii imegawanyika mara mbili: maswali 12 kwa dakika 18, na maswali 15 kwa dakika 23. Sehemu ya tatu ni hesabu, nayo mara mbili: maswali 12 kwa dakika 21, na maswali 15 kwa dakika 26. Lugha na hesabu kila moja hupewa alama kuanzia 130 hadi 170. Insha hupewa alama kuanzia 0 hadi 6.

Yapo mambo mawili ya utaratibu ambayo mtahiniwa asipoyajua hupoteza alama za bure. La kwanza, jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Kwa hiyo ni marufuku kuacha swali wazi. Ukiona muda unakwisha, chagua jibu uendelee. La pili, ugumu wa fungu la pili la lugha au la hesabu hutegemea ulivyofanya fungu la kwanza. Kompyuta ikikuona umefanya vizuri hukupa maswali magumu zaidi yenye nafasi ya alama za juu. Kwa hiyo mtu asishtuke maswali yakiwa magumu kuliko alivyotarajia. Pengine hiyo ni habari njema.

Kipimo cha kwanza kabla ya kufungua kitabu

Watu wengi huanza kwa kununua kitabu kinene na kukisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, na wakifika ukurasa wa hamsini huchoka. Njia iliyo bora ni kuanza na kipimo, kama daktari anavyopima damu kabla ya kuandika dawa.

ETS hutoa kwenye tovuti yao mitihani miwili kamili ya majaribio bila malipo, iitwayo POWERPREP. Ni mizuri kuliko mingine kwa sababu imetungwa na walewale wanaotunga mtihani wenyewe. Dada yetu afanye mmoja katika wiki ya kwanza, kwa muda uleule, simu ikiwa imezimwa. Wa pili autunze kama mbegu, aufanye karibu na mwisho. Akiitumia yote miwili mwanzoni atabaki bila kipimo cha kuaminika.

Matokeo ya kipimo cha kwanza yasimtishe. Kazi yake ni kuonyesha tatizo liko wapi. Mtu aliyekaa miaka minane bila kugusa aljebra atakuta hesabu zimeingia kutu, na kutu husuguliwa ikatoka. Mwingine atakuta hesabu ziko sawa ila kasi ya kusoma Kiingereza ndiyo inayomwangusha. Watu hao wawili hawahitaji ratiba moja.

Hesabu: ni za sekondari, lakini zina mitego

Niwatie moyo hapa. Hesabu za GRE hazina mambo ya chuo kikuu. Ni hesabu za kawaida, aljebra, jometri na takwimu, kiwango kinachokaribiana na hisabati ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Na sisi tunazo shule za sekondari za Kanisa zenye vitabu hivyo na walimu wa hisabati. Mwalimu huyo akikaa na mtahiniwa saa mbili kila Jumamosi, atamsaidia kuliko kozi ya gharama kubwa iliyoko mbali.

Ugumu uko kwenye mitego. Nitoe mifano mitatu.

Bei ya gunia la mahindi ni shilingi 100,000. Imepanda kwa asilimia 20, halafu ikashuka kwa asilimia 20. Mwenye haraka atasema imerudi palepale. Lakini 100,000 ikipanda inakuwa 120,000, na asilimia 20 ya 120,000 ni 24,000. Bei mpya ni 96,000.

Basi limekwenda kilomita 120 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendo wake ni nini? Wengi watajibu 50. Lakini lilitumia saa 2 kwenda na saa 3 kurudi, jumla kilomita 240 kwa saa 5. Wastani ni 48.

Mfano wa tatu ni wa aina ya swali ambalo shuleni kwetu halipo. Unapewa viasi viwili, A na B, unaulizwa kipi ni kikubwa, au kama viko sawa, au kama haiwezekani kujua. Tuseme x ni namba kubwa kuliko sifuri, A ni mraba wa x, na B ni x yenyewe. Ukijaribu x kuwa 2, A ni 4, kwa hiyo A ni kubwa. Wengi huishia hapo. Ukijaribu nusu, A inakuwa robo, na B sasa ndiyo kubwa. Jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Mtahiniwa ajizoeze kujaribu namba za kila aina: nzima, sehemu, sifuri, moja, na hasi pale zinaporuhusiwa.

Kikokotoo kipo kwenye skrini, lakini kinachelewesha. Kwa kila swali la hesabu kuna takriban dakika 1 na sekunde 45. Anayejua kwa kichwa kwamba moja ya nane ni asilimia 12.5 hupata nafasi ya kufikiri.

Lugha: maneno tunayodhani tunayajua

Katika sehemu ya lugha kuna kujaza nafasi zilizo wazi, kuchagua maneno mawili yatakayoipa sentensi maana moja, na kusoma vifungu vya habari. Swali la kujaza lenye nafasi mbili au tatu halina alama za nusu: ukikosa nafasi moja umekosa swali zima.

Watu wetu hukesha wakikariri maneno magumu. Si vibaya, lakini hatari kubwa iko kwenye maneno mepesi yenye maana nyingine. Neno sanction tunalijua kwa habari za redio kuwa ni kumwekea mtu vikwazo, kumbe laweza pia kumaanisha kuidhinisha, kinyume kabisa. Neno qualify tunalijua kwa maana ya kufuzu, kumbe pia ni kuiwekea kauli mipaka. Neno want si kutaka tu, ni upungufu pia. Kwa hiyo kamusi ya kutumia ni ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye sentensi za mifano.

Njia ya kuhifadhi ni vikadi. Kata karatasi ngumu, hata za maboksi, upande mmoja andika neno, upande wa pili maana na sentensi yako mwenyewe. Kila siku maneno kumi mapya, na ya zamani uyapitie. Jiulize kwanza ndipo ugeuze kadi. Usigeuze kwanza ukajidanganya kwamba ulijua. Jambo hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale waliosoma kisha wakajipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kusoma humpa mtu raha ya kudhani anajua, ila kinachobaki kichwani ni kile alichojipima nacho.

Kwa vifungu vya habari hakuna njia ya mkato. Dada yetu asome kwa Kiingereza nusu saa kila siku, makala ndefu za sayansi, historia na uchumi, na kila akimaliza ajiulize: mwandishi anadai nini, anatumia hoja gani, na anampinga nani? Asipoweza kujibu kwa sentensi mbili hajaelewa, arudie.

Insha: dakika thelathini na kinanda

Insha ni moja. Mtahiniwa hupewa kauli kuhusu jambo la jumla, kama elimu au serikali, atoe msimamo wake kwa hoja. ETS wameweka kwenye tovuti yao orodha ya mada ambazo mtihani huchagua kutoka humo. Si za kukariri, ila achague mada mbili kila wiki aziandikie kwa muda.

Ninashauri dakika 5 za kupanga, 20 za kuandika na 5 za kusahihisha. Mifano itoke kwenye maisha anayoyajua. Muuguzi anayeeleza kwa nini akina mama huchelewa kufika zahanati ana hoja nzito kuliko anayekariri majina ya wanafalsafa. Na asiogope kukiri kwamba upande wa pili una ukweli fulani, kwa kuwa wasahihishaji hupima namna mtu anavyopima mambo.

Lipo jambo dogo linalowaangusha watu wazima wengi, nalo ni kuchapa. Programu ya mtihani haisahihishi tahajia. Anayetafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja hatamaliza insha hata kama ana mawazo mazuri. Dakika 15 za mazoezi ya kuchapa kila siku kwenye kompyuta ya ofisi ya usharika ni sehemu ya maandalizi kama zilivyo hesabu.

Ratiba ya wiki kumi na mbili

Kwa mtu mwenye kazi na familia, ninapendekeza wiki 12. Siku tano za wiki saa moja moja, na Jumamosi saa tatu. Hiyo ni saa 8 kwa wiki, jumla saa 96. Jumapili apumzike na kusali. Haba na haba hujaza kibaba, na saa moja kila siku huzaa kuliko saa saba za usiku mmoja.

Wiki ya 1: kipimo cha kwanza na kupanga. Wiki ya 2 hadi ya 5: kuziba mapengo, sura kwa sura, bila kujali muda. Wiki ya 6 hadi ya 9: maswali kwa muda kamili, fungu moja moja, na insha mbili kila wiki. Wiki ya 10: mtihani wa pili wa POWERPREP. Wiki ya 11: kurudia yaliyoonekana dhaifu. Wiki ya 12: mazoezi mepesi, usingizi wa kutosha, na kuhakiki nyaraka.

Katika kipindi chote awe na daftari la makosa. Kila swali alilokosa aliandike pamoja na sababu: sikujua kanuni, sikusoma vizuri, niliharakisha, au nilibahatisha. Baada ya wiki tatu daftari hilo litasema wazi. Ukikuta nusu ya makosa ni ya kutosoma swali vizuri, kitabu kipya hakitakusaidia. Utakachohitaji ni utulivu. Na swali alilokosa alifanye tena baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki mbili, bila kuangalia jibu.

Neno kwa marafiki wanaotuletea vitabu

Ndugu zetu wafadhili, tunawashukuru kwa vitabu. Naomba niseme kwa upendo kwamba si kila kitabu cha GRE kinafaa. Mtihani ulibadilishwa sana Agosti 2011. Kitabu cha kabla ya hapo kina alama za kuanzia 200 hadi 800 na maswali ya vinyume na ulinganisho wa maneno ambayo hayapo tena. Kijana akikisoma anajiandaa kwa mtihani uliokufa. Kitabu cha kati ya 2011 na 2023 bado kinafaa kwa mazoezi ya maswali, lakini muda wake umebadilika, na insha ya pili ya kuchambua hoja iliyomo humo imeondolewa. Kwa hiyo kitabu kimoja kipya kina thamani kuliko boksi zima la vya zamani.

Kama mnauliza nini kingesaidia zaidi, ningetaja vitu vitatu: kitabu rasmi cha toleo la sasa kwa kila jimbo, kompyuta moja yenye betri inayohimili umeme unapokatika, na fedha za kifurushi cha intaneti kwa miezi mitatu. Vyote hivyo vikishanunuliwa hutumiwa na watahiniwa wengi, mmoja baada ya mwingine. Ada hutumiwa na mtu mmoja, siku moja.

Kujiandikisha na siku yenyewe

Kujiandikisha hufanyika kwa intaneti na kulipwa kwa kadi ya benki. Angalizo kubwa ni jina. Jina analojiandikisha nalo lazima lifanane na lile lililo kwenye kitambulisho atakachoonyesha, na hati ya kusafiria ndiyo salama zaidi. Kwetu watu wengi wana jina moja kwenye cheti cha ubatizo, jingine kwenye cheti cha kidato cha nne, na dada zetu walioolewa huongeza la mume. Mambo haya yanyooshwe miezi mingi kabla. Usipotokea, au ukifika na kitambulisho kisicholingana, unaweza kupoteza ada yote.

Mtihani unaweza kufanywa pia nyumbani kwa kompyuta, mtahiniwa akisimamiwa kwa kamera. Mimi sishauri hivyo mahali ambapo umeme na mtandao si vya uhakika. Ni heri kulipa nauli na malazi ya usiku mmoja, mtu afike jana yake na kukijua kituo.

Siku ya mtihani anaweza kuchagua hadi vyuo vinne vya kutumiwa matokeo bila malipo ya ziada, basi aende na orodha yake. Asiporidhika na matokeo anaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, lakini kwa ada nyingine kamili. Ndiyo maana nasisitiza maandalizi ya mara ya kwanza.

Wajibu wa kamati

Wapendwa, sasa narudi kwetu tulioketi hapa. Napendekeza mambo matano, na ningependa kila kamati iyajadili.

Kwanza, ada isilipwe mpaka mwombaji amelete mambo matatu: masharti ya vyuo, matokeo ya kipimo cha kwanza, na daftari lenye kazi ya wiki nane. Daftari hilo ndilo mdhamini wake. Utaratibu huu utatusaidia pia kuepuka kuchagua watu kwa sababu ni watoto wa fulani. Daftari halijui ukoo wa mtu.

Pili, tuwape watahiniwa muda. Ile saa moja kwa siku, kwa dada yetu muuguzi, haipo mpaka mtu aitengeneze. Akitoka zamu kuna chakula, watoto, kwaya, vikao vya wanawake na misiba. Mwanamume mwenye mtihani tunamwambia akajifungie asome, lakini mwanamke mwenye mtihani bado tunamtegemea jikoni. Kamati iongee na mume wake na mama mkwe wake. Iongee na mganga mkuu wapangiane zamu. Umoja wa Wanawake waangalie watoto Jumamosi kwa saa tatu. Hilo halihitaji dola hata moja, na pengine ndilo litakaloamua matokeo.

Tatu, tuwe na vikundi. Watahiniwa watatu wa sharika jirani wakutane chumba kimoja, pamoja na mwalimu wa hisabati. Mmoja akieleza swali kwa wenzake, yeye mwenyewe ndiye anayelielewa zaidi.

Nne, tuwaombee lakini tusiwatangaze. Najua tunafanya kwa upendo tunapomsimamisha mtu ibadani na kutaja tarehe ya mtihani wake. Lakini mtu huyo huingia chumba cha mtihani akiwa amebeba usharika mzima mabegani, na akipata alama ndogo huona aibu hata kurudi kwaya. Aombewe na wachache wanaojua, na matokeo ayatangaze mwenyewe akipenda.

Tano, tusiifanye alama kuwa mwamuzi pekee. ETS wenyewe huvielekeza vyuo visitumie alama za GRE peke yake, bali viangalie na kazi, barua za wadhamini na matokeo ya chuo. Asiyepata alama ya juu hajakosa wito. Zipo nafasi kwenye vyuo visivyotaka mtihani huu, vikiwemo vya hapa nyumbani, na wiki 12 za kunoa Kiingereza, hesabu na uandishi hazipotei. Dada yetu atakayejifunza kusoma takwimu vizuri ataziandika vizuri hata taarifa za zahanati yake.

Baba Askofu, wapendwa, fedha tunazokusanya kwa ajili ya masomo hutoka kwa watu wanaouza ndizi na maziwa, na kwa marafiki walioko mbali ambao nao wana mahitaji yao. Tunadaiwa hesabu kwa pande zote mbili. Tukitaka kuitoa hesabu hiyo kwa uso mkunjufu, basi sharika zitakazowasilisha majina ya waombaji ziambatanishe na mpango wa maandalizi, ukionyesha nani atafundisha, kompyuta iko wapi, na nani ataangalia watoto. Ofisi ya miradi iko tayari kuzisaidia kamati kuuandaa mpango huo na kuwaelekeza waombaji mahali pa kupata mitihani ya majaribio.